Nimepandishwa cheo na kupewa bajeti, nianze kusoma nini: MBA, cheti cha fedha au kozi fupi?

fundi_wa_zamu

Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu maana nimekwama. Mimi ni fundi mitambo, nimesomea ufundi na nimeufanya miaka mingi tu, mashine ikigoma usiku wa manane mimi ndo naitwa. Sasa nimepewa idara nzima ya matengenezo, yani mafundi, stoo ya vipuri na bajeti ya mwaka mzima. Upande wa mashine sina wasiwasi kabisa, ishu iko kwenye vikao. Mtu wa fedha akianza kuongea mara uchakavu, mara matumizi ya mtaji na matumizi ya uendeshaji, afu anasema idara yangu imevuka bajeti ya mwezi wakati mimi nikiangalia naona hatujanunua kitu chochote cha ajabu. Niliomba kompresa mpya ya hewa maana hii iliyopo inatutesa, nikaulizwa hela hiyo itarudi baada ya muda gani. Najua kabisa hiyo mashine inakula umeme na inasimamisha kazi, ila kuligeuza hilo liwe namba hakuna aliyenifundisha.

Na kuna hili la watu pia. Hawa ninaowaongoza ndo wale wale tuliokuwa tunashika nao spana, sasa leo mimi ndo naandika tathmini zao za kazi.

Nimeangalia njia za kusoma nikaona nyingi mno. Kuna MBA ya jioni (shahada ya uzamili ya biashara), kuna ndugu yangu ananisukuma nichukue ACCA ya uhasibu, mwingine anasema CFA ya mambo ya uwekezaji ndo yenye jina, mwingine PMP ya kusimamia miradi, afu kuna hizi kozi za onlaini za wiki chache hadi zingine bure. Muda wangu ni usiku na wikendi tu na nina familia. Nianze na ipi? Na hivi vyeti vya onlaini kuna mtu anavijali kweli?

leja_wazi

Karibu sana mkuu, na hongera kwa cheo. Mimi ni mhasibu na nimekaa upande ule wa meza anaokaa huyo mtu wa fedha, kwa hiyo nikuambie anachokiona yeye, afu suala la kozi utaliona lenyewe.

Tuanze na hili la "umevuka". Mara nyingi sana sababu yake iko sehemu mbili. Ya kwanza, bajeti ya mwaka huwa inagawanywa kwa 12 sawa sawa, sasa idara ya matengenezo haitumii hela hivo, matengenezo makubwa ya mwaka yanafanyika mwezi mmoja, huo mwezi lazima uonekane umevuka na miezi mingine uonekane umebakiza. Dawa yake ni wewe kumpa mhasibu ratiba yako ya matengenezo kabla bajeti haijafungwa ili hela iwekwe kwenye mwezi wake. Ya pili, kwenye mifumo mingi kipuri hakihesabiwi kuwa gharama siku uliyokinunua, kinakaa kwanza kwenye stoo kama mali ya kampuni na kinageuka kuwa gharama siku fundi wako anapokichukua kwenda kukifunga. Kwa hiyo mnaweza msinunue hata boliti moja mwezi huo na bado gharama ikawa juu kwa sababu mmetoa beringi na mota zilizokuwa zimekaa stoo tangu mwaka jana. Hapo unajibu kwa karatasi za kutolea vifaa stoo, sio kwa ankara za manunuzi. Ukienda kikao kijacho na hizo karatasi utaona mazungumzo yanabadilika.

Sasa kompresa. Tuweke namba za mfano, fedha yoyote ile. Mpya inauzwa 6,000 na itafanya kazi miaka 5. Ya zamani ukijumlisha matengenezo ya dharura, umeme unaozidi na masaa ya uzalishaji yanayopotea, ukitoa kile ambacho hata mpya itakugharimu, unaona utaokoa 2,000 kwa mwaka. Hela inarudi baada ya miaka 3, hilo ndo jibu la swali uliloulizwa. Ila mtu wa fedha akiwa makini ataenda mbele zaidi, atasema 2,000 ya mwaka wa tano sio sawa na 2,000 ya leo, maana hela hiyo ingeweza kuwekwa mahali pengine ikazaa. Tuseme kampuni inataka angalau asilimia 10 kwa mwaka. Ukizirudisha hizo 2,000 tano kwenye thamani ya leo kwa asilimia 10 unapata karibu 7,580. Toa 6,000 uliyolipa, unabaki na kama 1,580 juu. Mradi unafaa. Ukipiga hesabu hiyo hiyo kwa asilimia 20 inabaki karibu sifuri, maana yake hiyo kompresa inairudishia kampuni kama asilimia 20 hivi kwa mwaka. Kwenye Excel hii ni fomula moja ya NPV (thamani ya leo) na nyingine ya IRR (ile asilimia mradi unayoirudisha kwa mwaka). Kitu kimoja tu uwe nacho makini, ile fomula ya NPV inachukulia namba ya kwanza unayoipa iko mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo ile 6,000 ya leo usiiweke ndani ya fomula, itoe nje pembeni.

Na uchakavu ndo unaingia hapa. Ile 6,000 inatoka benki siku moja ila kwenye taarifa ya faida na hasara inaingia 1,200 kila mwaka kwa miaka 5. Hiyo ndo tofauti ya matumizi ya mtaji na ya uendeshaji, kitu kitakachokutumikia miaka kadhaa gharama yake inatandazwa, kitu cha kutumika sasa hivi kama grisi na filta gharama yake inaingia yote mwezi huo huo. Ndo maana wakati mwingine bosi anakataa kipuri kidogo na kukubali mashine kubwa, zinatoka kwenye mafungu mawili tofauti.

Ona sasa, vitu vyote hivi havihitaji miaka miwili darasani. Unahitaji uhasibu wa mwanzo, kusoma taarifa tatu (mizania yani mali na madeni ya kampuni, faida na hasara, mtiririko wa fedha), bajeti, na tathmini ya uwekezaji. Ni mambo ya miezi michache ukisoma kwa utulivu. Hata msingi wake ni wa zamani sana, ule utaratibu wa kila muamala kuandikwa pande mbili, debiti na krediti, Luca Pacioli aliuchapisha Venice mwaka 1494 na hadi leo programu nyingi za uhasibu zinaufuata. Ukiuelewa huo, mengine yote yanakuwa na mahali pa kukaa.

ACCA kwa hali yako nakushauri hapana. Muundo ambao umetumika miaka hii una mitihani 13, ukisamehewa baadhi sawa, na miezi 36 ya uzoefu wa kazi juu yake. Hiyo ni kwa mtu anayetaka kuwa mhasibu. CFA ndo kabisa, ngazi tatu, na wenyewe wanashauri kama masaa 300 ya kusoma kwa kila ngazi, na mengi humo ni uchambuzi wa hisa, hatifungani na kusimamia uwekezaji wa watu. Ni elimu nzito na nzuri sana ila haitakusaidia kwenye stoo ya vipuri.

mwalimu_wa_jioni

Naunga mkono yote aliyosema leja_wazi ila kuna kitu naona kinasahaulika, nacho ni wapi pa kusomea bila kupigwa. Maana soko hili limejaa matangazo.

Bure kabisa na kwa ubora wa juu: MIT OpenCourseWare, ilitangazwa 2001, ina mihadhara na mazoezi ya masomo ya fedha ya chuo chao cha biashara, hupati cheti ila hulipi chochote. Profesa Aswath Damodaran wa New York University ameweka wazi madarasa yake ya fedha za kampuni na ya kuthamini biashara, pamoja na majedwali yake ya Excel, na ana darasa la uhasibu la kuanzia pia. Open University ya Uingereza ina OpenLearn, kozi fupi nyingi za bajeti, uhasibu na uongozi, bure na ukimaliza wanakupa karatasi ya ushiriki. Afu kuna Coursera na edX, zote zilianza 2012, hizo mara nyingi unalipia ukitaka cheti au mazoezi yanayosahihishwa. Lugha ni Kiingereza kwa sehemu kubwa, kama kinakusumbua anza na zile zenye maandishi chini ya video ili usimamishe na kusoma.

Kuhusu MBA, sio kwamba haifai. Inafaa sana kwa mtu anayetaka kuhama kutoka kuendesha idara kwenda kuendesha kampuni, au anayebadilisha fani kabisa, kwa sababu inakulazimisha kugusa masoko, fedha, rasilimali watu na mkakati kwa pamoja, tena ukiwa na wenzako waliotoka sehemu tofauti. Ila hilo darasa linakuwa tamu ukiingia tayari una maswali yako. Mtu akienda MBA hajui hata mizania inasomwaje, muhula mzima wa kwanza unaisha akikimbizana na misamiati na hela yenyewe ya ada sio ndogo. Na kabla hujalipa popote angalia ithibati. Kwanza mamlaka ya elimu ya juu ya nchi yako inakitambua chuo? Afu kama chuo kinajitangaza ni cha kimataifa, AACSB, EQUIS na AMBA ndo ithibati zinazojulikana kwa shule za biashara, na kila mmoja ana orodha yake wazi, ingia kwenye orodha yao wenyewe, usiishie kwenye nembo iliyobandikwa kwenye tangazo. Chuo kinachokuambia utapata shahada kwa "uzoefu wa maisha" bila mtihani wala kazi ya kuandika, kimbia.

nyundo7

Mimi ntapingana kidogo na hawa wakuu wawili. Mnamwambia mtu ujuzi ujuzi, sawa, ila dunia ya ajira inaangalia karatasi. Leo yuko hapo bosi anamjua, kesho kampuni ikifungwa anapeleka maombi sehemu ambayo hakuna anayemjua, wanaochuja maombi wanatafuta MBA, PMP, diploma, nani atajua kwamba anaweza kupiga hesabu ya kompresa? Huyo jamaa apate karatasi yenye jina kwanza.

leja_wazi

@nyundo7 hoja yako ni ya kweli na siipuuzi, nimeona watu wazuri wanaachwa kwenye kuchujwa. Ila karatasi ipi na lini ndo swali. Kwake yeye moto unaowaka ni kikao cha bajeti cha mwezi ujao. Karatasi ya miaka miwili haimsaidii hapo, na akishindwa hapo hiyo nafasi yenyewe ambayo ingempa uzoefu wa kuandika kwenye maombi inaondoka. Aanze na ujuzi, karatasi aichague akiwa ameshajua anaelekea wapi.

mratibu_miradi

Kama ni karatasi yenye jina na inayoendana na kazi yake, mimi nasema PMP, sio sasa hivi lakini. Kaka, yale matengenezo makubwa ya mwaka ambapo mnasimamisha kiwanda ni mradi kamili, una tarehe ya kuanza, tarehe ya kuwasha, makandarasi, vipuri vinavyochelewa na kila saa ya ziada ni hela. Ile mbinu ya njia kuu ya kazi, yani kutafuta mnyororo wa shughuli ambao mmoja ukichelewa mradi wote unachelewa, ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1950 pale DuPont, na moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa ni hiyo hiyo ya kusimamisha mitambo kwa matengenezo. Kwa hiyo wewe ndo mrithi wake halali.

Mfano mdogo. Kufungua pampu masaa 8, kupeleka shafti kuchongwa masaa 30, kuirudisha na kuifunga masaa 10. Sambamba na hapo kusafisha tenki masaa 20 na kupaka rangi masaa 16. Njia ya pampu ni masaa 48, ya tenki ni 36. Ukiongeza watu kwenye tenki umepoteza hela bure, kiwanda hakitawaka mapema hata kwa dakika moja. Ongeza nguvu kwenye shafti, au uwe na shafti ya akiba stoo, hapo ndo unapunguza masaa ya mradi mzima, ila sio chini ya 36 maana tenki sasa ndo inakushika. Ukienda na mchoro huo kwa bosi kuomba shafti ya akiba nadhani hutahangaika sana kueleza.

PMP yenyewe wanataka masaa 35 ya mafunzo ya usimamizi wa miradi na kwa mwenye shahada miezi 36 ya kuongoza miradi, bila shahada inakuwa miezi 60. Ukishaipata kila miaka mitatu lazima uonyeshe umejiendeleza kwa pointi 60, vinginevyo inakufa. Kuna ndogo yake inaitwa CAPM, hiyo haidai uzoefu, masaa 23 ya mafunzo na umemaliza sekondari basi. Anza kuandika sasa hivi miradi unayoongoza, tarehe na masaa, maana siku ya kujaza fomu kumbukumbu hiyo haipatikani kirahisi.

kibarua_mwenyewe

Samahani wadau nadandia uzi, mimi nimejiajiri, nina biashara ndogo ya kusambaza bidhaa kwa maduka. Nafanya mauzo mazuri, daftari linaonyesha faida kila mwezi, ila hela mfukoni hakuna, mishahara naikopea. Na mimi nisome kozi gani?

leja_wazi

Dada (au kaka, nisamehe) wewe kabla ya kozi fanya hili leo. Andika wateja wako wanakulipa baada ya siku ngapi na wewe unamlipa anayekuletea mzigo baada ya siku ngapi. Nadhani jibu lako lote liko hapo.

Tuseme unauza 1,000 kwa mwezi kwa mkopo na maduka yanalipa baada ya miezi miwili. Mzigo unaulipia kashi 600, mishahara na pango 250. Daftari linasema faida 150 kila mwezi, na ni kweli. Ila mwezi wa kwanza umetoa 850 hujapokea kitu, wa pili umetoa tena 850 hujapokea kitu, umeshazama 1,700 kabla hela ya kwanza haijaingia, na daftari linakupongeza kwa faida ya 300. Mbaya zaidi ukikua. Ukiongeza mauzo na shimo nalo linaongezeka, ndo maana biashara nyingi zinakufa zikiwa zinapata faida tena zikiwa zinakua. Somo lako linaitwa usimamizi wa mtaji wa kuendeshea biashara na mtiririko wa fedha, tafuta kozi yenye hayo maneno.

Na mambo mawili hapo hapo maana naona yanawaumiza wengi. Punguzo la bei: kitu unakiuza 10 na kinakugharimu 6, kila kimoja kinakuachia 4. Ukipunguza asilimia 10 tu unauza 9, kinakuachia 3. Ili upate kile kile ulichokuwa unapata kwa kuuza 300 sasa inabidi uuze 400. Asilimia 10 ya bei imedai uongeze mauzo kwa theluthi nzima, sasa jiulize hao wateja wa ziada wapo?

La pili mikopo. Wakikuambia riba asilimia 10 kwa mwaka uliza inakokotolewa kwenye deni lote la mwanzo au kwenye deni linalobaki. Mkopo wa 1,200 kwa miezi 12, riba 120 juu ya deni lote, unalipa 110 kila mwezi. Lakini wewe hukai na 1,200 mwaka mzima, kila mwezi unapungua, kwa wastani umekaa na kama 650 hivi. Riba yako halisi inakaribia asilimia 18. Omba ratiba ya marejesho na uipige mwenyewe kwenye Excel kabla hujasaini chochote.

mzee_wa_zamu

Wanangu nimesoma yote, ni mazuri, ila kijana kauliza pia kuhusu watu na mmempita. Nimestaafu, nimeongoza mafundi muda mrefu, na nawaambia wengi wanaopanda vyeo kutoka ufundi wanaangushwa na hapo kuliko kwenye namba.

Kijana, kosa la kawaida la fundi hodari akiwa kiongozi ni kuendelea kuwa fundi. Mashine ikigoma anakimbia mwenyewe na spana, anaitengeneza haraka kuliko yeyote, kila mtu anamsifu, na mwaka unaisha hakuna mtu mwingine aliyejua kuitengeneza na yeye hajaandika bajeti. Kazi yako sasa ni watu wengine waweze. Kugawa kazi kuna ngazi zake, kuna wa kumwambia fanya hivi na hivi, kuna wa kumwambia niletee mapendekezo tuamue, kuna wa kumwambia amua wewe unijulishe. Ukimpa mgeni uhuru wote atazama, ukimshika mkono mzoefu atakuchukia.

La pili ni kusema ukweli kwa mtu mliyekuwa naye benchi moja. Kuna utaratibu mmoja unafundishwa na taasisi ya Marekani ya Center for Creative Leadership, nao ni mwepesi, unataja hali, unataja tendo, unataja matokeo yake, basi. Usiseme "wewe siku hizi mvivu", hilo ni hukumu juu ya mtu na atabishana na wewe hadi kesho. Sema "jana kwenye makabidhiano ya zamu uliondoka hujaandika kwenye kitabu kwamba valvu namba mbili imefungwa, zamu ya usiku wakatumia saa nzima kutafuta tatizo". Hapo hana cha kubishia, valvu ilikuwa imefungwa na kitabu hakikuandikwa. Afu nyamaza umsikilize, maana huenda kuna sababu usiyoijua. Na sifa pia zitolewe hivyo hivyo, "umefanya vizuri" peke yake haimfundishi mtu kitu, mwambie nini hasa alichofanya kikasaidia.

Kuhusu kozi za uongozi, chagua zile zenye mazoezi ya ana kwa ana, mnaigiza mazungumzo magumu na mwalimu anawasahihisha. Video za uongozi unaweza kutazama mia na siku ya kumwita mtu ofisini ulimi ukawa mzito bado. Na kutana na kila fundi wako mmoja mmoja, hata nusu saa kila wiki mbili, usiongelee mashine tu, muulize kinachomkwamisha ni nini. Mimi hapo ndo nilikuwa napata habari zote ambazo hazifiki kwenye vikao.

fundi_wa_zamu

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Hilo la vipuri kuhesabiwa siku vinapotoka stoo limenifungua macho, mwezi uliovuka ndo mwezi tuliofunga mota mbili zilizokuwa zimekaa stoo muda mrefu. Kesho nazitafuta zile karatasi.

Basi nimepanga hivi. Uhasibu wa mwanzo na taarifa tatu nianze nao usiku kwenye hizo za bure, afu tathmini ya uwekezaji, na hesabu ya kompresa niifanye kama zoezi langu kwa namba za kweli. Uongozi nitafute ya darasani ya wikendi. Miradi nianze kuiandika kwa ajili ya PMP baadaye. MBA naiweka pembeni kwanza. Swali langu moja limebaki, nikisoma usiku nimechoka baada ya wiki mbili kila kitu kimefutika, mnafanyaje?

mwalimu_wa_jioni

Hiyo sio wewe peke yako, Hermann Ebbinghaus alishalipima jambo hili na kulichapisha mwaka 1885, tunasahau sehemu kubwa mapema sana, ila tukirudia kwa kuacha nafasi nafasi kusahau kunapungua. Kwa hiyo usikae masaa manne Jumapili, kaa nusu saa mara nne au tano kwa wiki. Na usirudie kwa kusoma tena, funga daftari, chukua karatasi tupu uandike unachokumbuka, mfano chora mizania ya kampuni bila kuangalia, ukikwama ndo ufungue. Inachosha na utahisi hujui kitu, lakini hapo ndo kinashika. Rudia kesho yake, rudia baada ya wiki, rudia baada ya mwezi.

Pia tafuta mtu mmoja kazini wa kusoma naye. Hata huyo mtu wa fedha anayekusumbua, muombe akupe ripoti ya bajeti na matumizi halisi ya idara yako ya miezi 12 iliyopita, na kila jioni uchukue mstari mmoja uulize umetoka wapi. Wahasibu wengi wanafurahi sana mtu wa kiwandani akiuliza hivyo.

leja_wazi

Nathibitisha, tunafurahi mno. Hata sisi wenyewe tunaendelea kusoma, mwanachama wa ACCA anadaiwa vitengo 40 vya kujiendeleza kila mwaka, kitengo ni kama saa moja, na 21 kati ya hivyo lazima viwe na ushahidi. Mimi vya kwangu vingine navipata kwa kufundisha wakuu wa idara mambo ya bajeti, kwa hiyo huyo mhasibu wako unaweza kuwa unamsaidia.

Kwenye ile hesabu ya kompresa nakuongezea jambo moja, usiandike namba moja moja tu. Weka safu tatu, ya hali mbaya, ya kawaida na nzuri, kwa kile unachotarajia kuokoa. Umeme pima kwa mita kabisa kwenye hiyo ya zamani, wiki moja ya kawaida, maana kwa kompresa umeme wa miaka yote huwa unazidi bei ya kuinunulia na hapo ndo hoja yako ilipo na nguvu. Ukiweka jedwali tuma hapa bila jina la kampuni tuliangalie pamoja.

fundi_wa_zamu

Sawa mkuu, mita ya kubana waya ninayo, naifunga Jumatatu asubuhi zamu ikianza. Jedwali ntalileta hapa hapa.

kibarua_mwenyewe

Ni dada 😊 asante leja_wazi. Nimepiga hesabu usiku huu, maduka yananilipa kwa wastani siku 52 na mimi nalipia mzigo siku hiyo hiyo. Kesho naenda kuongea na anayeniletea mzigo anipe hata siku 30, afu nirudi kwa hayo maduka makubwa mawili ndo yanayochelewa kuliko yote.